Daftari Lililokuwa Safi Mno

Watu wakishajua kwamba naandika riwaya za uhalifu, swali la kwanza huwa lile lile: hizo maiti unazitoa wapi? Wengine hupunguza kabisa sauti wakiuliza, kana kwamba nina shemeji polisi anayenipenyezea majalada usiku. Sina. Na hata ningekuwa naye, nadhani ningemuuliza kwanza habari za ofisini kwao, nani anamwonea nani wivu na nani amenyimwa cheo, kabla ya kufika kwenye maiti. Maiti ni rahisi kuipata. Yeyote anaweza kuandika sentensi ya kwanza yenye mtu aliyelala kifudifudi sakafuni. Kazi iko kwa yule mwingine, mtu wa kawaida mwenye ajira na ratiba yake: alipita hatua gani ndogo ndogo mpaka akafika pale, na nizipange vipi hatua hizo msomaji ahisi kwamba hata yeye angeweza kuzipiga.

Hatua hizo mimi nimezipata zaidi mahakamani, na si kwenye kesi za mauaji. Kesi ya mauaji inakuja imeshapambwa. Mawakili wamejiandaa, mashahidi wamekwisha kusimulia habari yao mara nyingi hadi imekuwa laini, ndugu wa pande zote mbili wamejaa ukumbini na kila mmoja anajua anatazamwa. Ukitaka kumsikia binadamu akijieleza kabla hajapata muda wa kujipanga, nenda mahakama za chini. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na ukishazima simu na kutulia kwenye benchi hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Pale utakuta wizi wa mtumishi, kughushi nyaraka, kujipatia fedha kwa udanganyifu, kaka aliyemburuza mdogo wake kortini kwa sababu ya kiwanja cha urithi. Kuna asubuhi ambazo utasikia kesi zikiahirishwa tu moja baada ya nyingine: shahidi hajafika, mpelelezi yuko safarini, jalada halijaletwa. Usiondoke. Watu wakiwa wanangoja kuitwa ndipo wanapozungumza.

Kesi iliyonipa mengi kuliko zote ilikuwa ya mtunza stoo. Alishitakiwa kwa kumwibia mwajiri wake kwa muda mrefu, kidogo kidogo, vipuri na madumu ya oili yakitoka bila kuonekana kwenye vitabu. Kwa kumtazama alikuwa mtu ambaye ungemwachia funguo za nyumba ukasafiri. Upande wa mashtaka ukamleta mkaguzi wa hesabu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Akaulizwa aligunduaje. Nilitarajia mvua ya tarakimu. Yeye akaomba apewe kielelezo, daftari kubwa la kutolea vitu, akalifungua katikati na kulinyanyua ili hakimu alione.

"Mheshimiwa," akasema, "hili daftari ni safi mno."

Kisha akaeleza. Daftari la stoo huandikwa na mtu aliyesimama mlangoni huku dereva wa lori akimpigia honi. Kalamu huisha wino katikati ya mstari, mtu akaazima nyingine ya rangi tofauti. Kurasa hupata alama za vidole vyenye grisi. Kuna mistari iliyokatwa na kuandikwa upya, na kuna mwandiko wa jioni, mtu akiwa amechoka, unaopanda juu kama unakimbia ukurasa. Lakini katika daftari lile, kurasa za miezi kadhaa zilikuwa na wino mmoja, herufi zimetulia, safu zimenyooka. Aliyeandika vile alikuwa amekaa kwenye kiti, mbele ya meza, penye mwanga mzuri, na hakuwa na haraka yoyote. "Haya hayakuandikiwa stoo," mama akamaliza. "Yaliandikiwa nyumbani."

Mtunza stoo akatiwa hatiani. Wakili wake akasema yale yanayosemwa siku zote, kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana familia inayomtegemea, mahakama imwonee huruma. Hakimu akamgeukia mshtakiwa mwenyewe na kumuuliza kama ana la kuongeza kabla adhabu haijatolewa. Akasimama, akavuta shati likae sawa, akaomba jambo moja tu liandikwe: kwamba tangu aajiriwe hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, wala hakuwahi kuchukua likizo.

Watu wa nyuma wakacheka chini chini. Mkaguzi hakucheka. Nilimfuata kwenye korido, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza kwa nini alikuwa akitikisa kichwa.

"Marahaba. Wewe mwanangu hujafanya kazi ya fedha," akasema. "Asiyechukua likizo ndiye tunayemwangalia wa kwanza. Akiondoka wiki mbili, daftari atalishika mtu mwingine."

Baadaye nikaja kujua kwamba ndiyo sababu benki nyingi huwalazimisha wafanyakazi wanaogusa fedha kwenda likizo ya siku kadhaa mfululizo: wizi wa hesabu unahitaji kunyonyeshwa kila siku, na mwizi akikosekana unalia wenyewe. Lakini kilichonikaa ni ile fahari yake. Mtu yule hakuwa anadanganya. Kwa kweli alikuwa hodari wa kazi, na kwa kweli alikuwa mfungwa wa kazi ile miaka mingi kabla ya hakimu kumfunga. Yote mawili yalikaa katika sentensi moja, na yeye mwenyewe alikuwa anaiona nusu yake tu.

Tangu hapo nikienda kortini huwa nasubiri zaidi sehemu ile ya mwisho. Ushahidi unakueleza mtu alifanya nini. Utetezi wa kuomba apunguziwe adhabu unakuonyesha, kati ya yote ambayo angeweza kusema kuhusu maisha yake, amechagua lipi. Wengi husoma walichoandikiwa. Mara chache anatokea mmoja anayesema kitu ambacho mwandishi hawezi kukibuni akiwa mezani kwake.

Nadhani hapo ndipo riwaya nyeusi inapoachana na riwaya ya upelelezi tuliyozoea. Jina lenyewe lilipata nguvu Ufaransa, pale Marcel Duhamel alipoanzisha mfululizo wa vitabu ulioitwa Série noire, yaani mfululizo mweusi, katika kampuni ya uchapishaji ya Gallimard mwaka 1945, vitabu vingi vikiwa tafsiri za Wamarekani na Waingereza. Riwaya ya upelelezi inamweka msomaji nyuma ya kachero: kuna fumbo, kuna dalili, na mwishoni mambo yanarudi kwenye mstari. Riwaya nyeusi mara nyingi inakuweka nyuma ya mkosaji. Nani alifanya, unajua tangu ukurasa wa kumi. Unachosomea ni kuona kama atapata nafasi ya kurudi nyuma, na inauma kwa sababu nafasi anapewa, tena zaidi ya mara moja, na kila mara ana sababu nzuri kabisa ya kutoitumia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwandishi wa Marekani James M. Cain, kwa sababu pale unaweza kuliona tukio halisi upande mmoja na riwaya upande wa pili. Machi 1927, huko Queens, New York, mke wa nyumbani aitwaye Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, Albert. Wakapanga nyumba ionekane imevamiwa na wezi. Polisi hawakuhangaika sana: vito ambavyo Ruth alisema vimeibiwa vilikutwa chini ya godoro. Ikajulikana pia kwamba mume alikuwa amekatiwa bima ya maisha yenye kipengele cha malipo maradufu endapo angekufa kwa ajali au kwa kuvamiwa. Magazeti yalikula kesi ile kwa miezi. Januari 1928 wote wawili wakauawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing, na mpiga picha mmoja aliyekuwa amefunga kamera kwenye kifundo cha mguu akaipiga picha ya Ruth akiwa kwenye kiti. Gazeti likaiweka ukurasa wa mbele.

Sasa fikiria wewe ndiye mwandishi, na hayo yote yako mezani. Wengi wetu tungekimbilia kiti cha umeme, au ile kamera ya mguuni. Cain, ambaye alikuwa amefanya uandishi wa habari kwa miaka, alichukua bima. Halafu akafanya badiliko moja ambalo kwangu ndilo lililozaa riwaya. Judd Gray wa kweli alikuwa mchuuzi wa nguo za ndani za kike, anayezunguka na sanduku la sampuli. Katika hadithi ya Cain, iliyotoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1936, mpenzi ni wakala wa bima mwenyewe. Ni mtu aliyekaa miaka akichunguza wateja wanaojaribu kuidanganya kampuni yake, akawakamata mmoja mmoja, na bila kutaka akawa anajifunza kasoro ya kila mmoja wao. Mwanamke anapoingia na swali lake la pembeni kuhusu bima ya ajali, wakala analisikia vizuri kuliko mtu mwingine yeyote angeweza kulisikia. Anajua akimbie. Lakini ana ujuzi ambao hajawahi kuutumia upande ule wa pili, na ujuzi unamwasha.

Kwa hiyo nikiulizwa wazo hutoka wapi, jibu langu ni: kwenye kazi za watu. Kila kazi ina mlango wake wa nyuma, na anayeujua ni yule aliyewekwa kuulinda.

Ukiwapitia waandishi wenyewe unakuta hivyo hivyo. Dashiell Hammett alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kuanzia 1915, akaacha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kifua kikuu kikiwa kimemdhoofisha. Katika kumbukumbu zake fupi za kazi hiyo anasimulia kwamba mtu aliyekuwa akimfuatilia kisirisiri alikwenda kutembea mashambani Jumapili moja, akapotea, na ikabidi Hammett mwenyewe amwelekeze njia ya kurudi mjini. Soma hilo kisha usome visa vya kufuatiliana vya mtu ambaye hajawahi kumfuatilia yeyote. Utaona tofauti mara moja: kwa huyo wa pili hakuna anayechoka, hakuna anayetafuta choo. Agatha Christie alifanya kazi ya kuchanganya dawa hospitalini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1920, kifo kinategemea jambo la kifamasia tupu: ukiongeza bromidi kwenye dawa fulani ya kuongeza nguvu, striknini iliyomo inatuama chini ya chupa, na anayekunywa dozi ya mwisho anakunywa sumu yote kwa pamoja. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa katika riwaya iliyochapishwa 1960, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Sina haja ya kukisia sana mkaguzi wa afya anaona nini katika nyumba za watu. Anaingia mpaka uani.

Raymond Chandler ni habari nyingine. Alikuwa mkubwa katika kampuni ya mafuta, akafukuzwa 1932 kwa sababu ya ulevi na utoro, akiwa na umri wa miaka 44. Hakuwa na uzoefu wowote wa polisi. Alichofanya ni kuchukua hadithi ya mwandishi mwenzake wa uhalifu, Erle Stanley Gardner, akaandika muhtasari wake kwa kina, akaiweka pembeni, kisha akaiandika yote upya kutoka kwenye muhtasari ule kwa maneno yake, na mwishowe akalinganisha ili aone mwenzake alimzidi wapi. Zoezi hilo nimeliiba kama lilivyo, isipokuwa mimi natumia hukumu za mahakama. Hukumu iliyoandikwa na jaji makini ina kila kitu: muda, mahali, nani aliongea nini, nani hakuaminika na kwa nini. Naandika ukurasa mmoja wa muhtasari, naacha upoe, halafu naiandika hadithi kutoka upande wa mtu aliyetajwa mara moja tu. Mlinzi wa zamu. Jirani aliyesikia mlango ukifungwa. Matokeo mengi hayafai kuchapishwa, na hayakuandikwa kwa ajili hiyo.

Kuna njia nyingine ya kupata wazo, ambayo siwezi kuifundisha, ila najua ipo. Mwaka 1952 Patricia Highsmith alikuwa Positano, Italia, akasimama roshani ya hoteli asubuhi na mapema na kumwona kijana akitembea peke yake ufukweni, kaptura na ndala, taulo begani, mawazoni. Hakumwona tena. Kutokana na kijana yule akampata Ripley, mhusika wake tapeli na muuaji, katika riwaya iliyotoka 1955. Maj Sjöwall naye alisimulia jinsi yeye na mwenzake Per Wahlöö walivyokuwa kwenye boti huko Uswidi, akamfuma Wahlöö akimtazama mwanamke mmoja Mmarekani, mrembo, aliyesimama peke yake. Sjöwall akapendekeza waanze kitabu kwa kumuua yule. Kilitoka 1965, kikafuatwa na vingine tisa hadi 1975. Nampenda Sjöwall kwa jibu lile. Wivu umeajiriwa.

Mimi aliyenipata hivyo ni mtu wa kwenye foleni ya benki. Alikuwa mbele yangu, amevaa vizuri, bahasha ya kaki kwapani. Zamu yake ilipofika akanigeukia akasema, "Tangulia tu, ndugu yangu." Nikadhani ana adabu. Nilipomaliza nikakaa pembeni kupanga karatasi zangu, nikaona anampisha na aliyenifuata, na mwingine. Alikuwa anangoja dirisha la tatu, kwa binti mmoja. Nikasema moyoni, haya, mapenzi. Dirisha likawa wazi, akaenda. Na hawakutazamana. Binti alikuwa amewatazama wateja wote usoni na kuwasalimia, na yule bwana alikuwa amemchekea kila aliyempisha. Walipokutana wao wawili, kila mmoja akaangalia karatasi tu. Watu wasiojuana hutazamana, walau mara moja.

Sijui walikuwa na nini. Pengine ni mtalaka wake, pengine wanadaiana, pengine binti alikuwa na msiba. Sikutaka kujua, na ningejua ningeipoteza hadithi. Niliandika mstari mmoja kwenye daftari na kuuacha miezi mingi, mpaka siku nilipokutana na mtu aliyekuwa keshia akanieleza jinsi fedha za akaunti zilizolala zinavyoidhinishwa kutoka. Picha peke yake ilikuwa imekaa tu. Ilipopata kazi ya kufanya, ikaanza kutembea.

Mazungumzo pia nimeyachota kortini, na kwa hili nina ubishi na waandishi wengi wa uhalifu ninaowasoma, hata wazuri. Wahusika wao wanajibu maswali. Mpelelezi anauliza, mtuhumiwa anajibu, au anakataa kujibu, na tunasonga mbele. Kaa usikilize mtu akihojiwa na wakili wa upande wa pili:

"Ulikuwa wapi saa tatu usiku?"

"Mimi na marehemu hatujawahi kugombana."

"Nimekuuliza ulikuwa wapi."

"Hata juzi yake nilimwazima baiskeli."

Mtu aliyebanwa hulijibu swali analoliogopa, na mara nyingi si lile aliloulizwa. Ukijua mhusika wako anaogopa swali gani, mazungumzo yanajiandika, na huhitaji tena zile "alisema kwa hofu" na "alitetemeka midomo" ambazo tunazirundika kwa sababu maneno yenyewe hayatishi.

Madaktari nao wana manung'uniko yao. Mmoja wa uchunguzi wa maiti aliniambia kinachomkera katika riwaya ni daktari anayepiga magoti kando ya mwili na kutangaza kwamba marehemu alikufa kati ya saa nne na saa nne u nusu. Ukakamavu wa maiti huanza kuonekana kwenye misuli midogo, taya na uso, baada ya saa chache, unaenea mwilini, kisha unaachia baada ya siku moja au mbili. Joto linauharakisha, baridi inauchelewesha, na mtu aliyekufa akiwa ametoka kukimbia au kupigana hakakamai kwa kasi sawa na aliyekufa usingizini. Anayesema ukweli hutoa kipindi kipana na kuweka masharti. Mwanzoni taarifa hiyo inaonekana kumnyima mwandishi raha. Kwa riwaya nyeusi ni zawadi: kama saa ya kifo ni pana, basi watu wengi wana muda ambao hawawezi kuueleza, na wengi wao hawakuua. Walikuwa mahali pengine ambapo wake zao, waume zao au mabosi wao hawatakiwi kupajua. Hao wanaodanganya kwa sababu nyingine ndio wanaojaza kitabu.

Kuchukua tukio la kweli kuna mitego yake. Julai 1841 mwili wa Mary Rogers, msichana aliyejulikana sana kwa kuuza katika duka la sigara New York, ulikutwa katika Mto Hudson upande wa Hoboken. Edgar Allan Poe akaihamishia kesi Paris, akabadilisha majina, akamfanya mpelelezi wake aitatue kwa kusoma magazeti tu, na kuanzia Novemba 1842 ikawa inatoka jaridani kwa sehemu. Kabla sehemu ya mwisho haijatoka, katika kesi yenyewe ya New York yakaibuka madai mapya kwamba huenda msichana alifia katika nyumba ya wageni karibu na mto baada ya jaribio la kutoa mimba. Poe alipoichapisha tena 1845 alikuwa amefanya marekebisho hapa na pale ili isionekane kwamba madai hayo yamempita. Kesi yenyewe haijapata ufumbuzi hadi leo. Huwa nawakumbusha wenzangu habari hiyo wanapotaka kuandika kesi ambayo bado iko mikononi mwa polisi.

Lakini mtego wa Poe ni wa kiakili tu. Mwingine ni mzito zaidi. Siku moja bibi mmoja niliyekaa naye benchi moja aliniona naandika. Akaniuliza naandika nini. Nikamwambia, hadithi, bibi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mjukuu wangu usimweke." Mjukuu wake alikuwa kizimbani wakati ule. Nikayafunga maandishi yangu yote ya siku ile, na sijayatumia. Kwa wengine nina utaratibu: natunza namna jambo lilivyofanyika, yaani ule mlango wa nyuma wa kazi, na nabadilisha kila kilichobaki, kazi, jinsia, umri, ukoo, na hasa sababu. Nikishabadilisha sababu, mtu yule hayupo tena mle ndani. James Ellroy, mwandishi wa uhalifu ambaye mama yake aliuawa mwaka 1958 yeye akiwa na miaka 10 na muuaji hakupatikana, ana haki ya kuchimba kaburi lake mwenyewe, na amelichimba kwa miaka mingi. Mimi sina haki hiyo kwa makaburi ya wengine kwa sababu tu nilikuwa na kalamu.

Kuhusu mpango wa hadithi sina mengi. Georges Simenon alikuwa akiandika majina, umri na anwani za wahusika nyuma ya bahasha, majina akiyatoa kwenye vitabu vya simu, na akianza alikuwa akimaliza sura moja kwa siku. Mimi si wa kasi hiyo. Chandler naye alipoulizwa na waliokuwa wakitengeneza filamu ya riwaya yake ya kwanza ni nani hasa aliyemuua dereva mmoja wa hadithini, alijibu kwamba hata yeye hajui. Wapo wanaoichukulia habari hiyo kama ruhusa ya kuzembea. Sikubaliani nao, kitabu chake kinasimama kwa sababu mambo mengine yote yako mahali pake, na kwa sababu kila mtu mle ndani anataka kitu ambacho unaweza kukigusa.

Siku hizi nina jalada jipya, la mtu wa mizani ya malori kwenye yadi ya vyuma chakavu. Lori linapimwa likiwa na mzigo, linashusha, linapimwa tupu, tofauti ndiyo inayolipwa. Dereva mmoja mstaafu amenieleza jinsi tangi la maji lililofichwa chini ya bodi linavyojazwa kabla ya kipimo cha kwanza na kufunguliwa kabla ya kile cha pili, mnunuzi akalipia maji kwa bei ya chuma. Hila ninayo. Mtu ninaye pia: mpimaji aliyeona ardhi ina unyevu siku ya jua kali na hakusema kitu. Nisichokuwa nacho ni kwa nini hakusema siku ya kwanza, maana siku ya kwanza hakuna aliyekuwa amempa hata senti. Jumatatu nakwenda kukaa yadini kutwa nzima, na nimeambiwa nije na viatu vigumu.